Nusu Tuta

Kosa langu la kwanza katika upigaji picha lilikuwa kuamini kwamba picha nzuri haitakiwi kuwa na giza popote. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, kwa video za watu nisiowajua, nikiwa nimeinamia kaunta ya steshenari moja pale mjini Sumbawanga nilikoajiriwa kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Kivuli chini ya kofia ya mtu kilinikera kama doa kwenye shati jeupe. Kona ya chumba isiyoonekana vizuri ilinifanya nijione mvivu. Kwa hiyo nilipogundua kwamba unaweza kupiga picha tatu za kitu kilekile, moja ya giza, moja ya kawaida na moja yenye mwanga mwingi, kisha ukaziunganisha kwenye kompyuta zikawa picha moja inayoonyesha mawingu na vumbi la sakafuni kwa pamoja, niliona nimepata dawa. Wapiga picha wanaiita HDR. Niliitumia kwenye kila kitu, hata kwenye sahani yangu ya maharage.

Mwezi uliopita Mama Oliva alinipigia simu. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye ukumbi wa harusi, nafunga taa. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Deo, mama ametutoka. Tunazika Kaengesa, Alhamisi. Picha ipo." Nilimpa pole, nikauliza alivyougua na nani kaja mpaka sasa, mambo ambayo mtu huuliza. Lakini nilipokata simu kilichobaki masikioni ni yale maneno mawili, picha ipo. Yalinirudisha kwenye uwanja wa nyumba yake ya Milanzi, mwaka niliopanga chumba pale nikiwa sijafika hata miaka ishirini na mitatu, mwaka ambao picha hiyo ilikaribia kabisa kutokuwepo kwa sababu yangu.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho, mlango unatazamana na kamba za kuanikia nguo. Kilikuwa na kitanda, meza ya kompyuta, na kamera ya mtumba niliyoifunika kwa taulo kama mtoto mchanga. Ukuta wa upande wa kulia nilipakana na Dada Tumaini, afisa kilimo, mtu wa Mbeya, ambaye kila Jumapili akitoka kanisani kwao alipika wali wa Kyela, na harufu yake ilipita chini ya mlango wangu mimi niliyekuwa nimetoka misa nikiwa na andazi moja tumboni. Nyumba ya mbele alikaa Mama Oliva, mwenye nyumba wetu. Na ilipofika miezi ya mvua alimleta mama yake kutoka Kaengesa ili awe karibu na kliniki ya presha. Huyo ndiye Bibi Leokadia. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, khanga mbili juu ya sweta kwa sababu ya upepo wetu usiojua kupumzika, ungo wa maharage mapajani, akichambua na kusema. Kwa binti yake alisema Kifipa, kwa Tumaini Kiswahili, kwangu alichanganya kadiri alivyojisikia.

Siku moja Bibi na Mama Oliva walirudi kutoka msibani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi hakuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda chake na viatu vya msibani bado miguuni.

"Mmeona ile picha ya marehemu?" aliuliza. "Wamekuza ya kitambulisho. Mtu ameishi maisha yote yale, amelima, amecheka, amezaa, halafu anaagwa na sura ya mtu aliyekamatwa na polisi."

"Mama, acha mambo hayo," Mama Oliva alisema.

"Nayasema sasa nikiwa na mdomo. Wewe Deo, si una kamera? Unaifunika bure tu na taulo lako? Mimi yangu nataka niichague mwenyewe. Niione, niikubali, iwekwe kabatini isubiri."

Dada Tumaini alicheka akiwa anasuuza masufuria. "Bibi unataka kuwa mrembo siku hiyo?"

"Nataka nijulikane," Bibi alisema.

Nilikubali kwa haraka, na tangu dakika ile nikapoteza usingizi. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha, na kila nilipoweka picha yangu nilikaa nikiiangalia simu huku moyo unadunda, kisha kabla mtu hajaandika neno niliifuta. Zilizobaki bila kufutwa ziliandikiwa "kali sana mkuu," na nilijua wanaandika hivyo kwa kila mtu, lakini nililala na sifa hizo. Sikuwahi kumwomba mtu aniambie ukweli. Nilisema nasubiri nikamilike kwanza.

Picha ya kwanza nilimpiga palepale mlangoni. Nje jua kali, ndani giza. Kwangu ilikuwa nafasi ya kuonyesha ufundi. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu nikapiga zile tatu, Bibi akiwa anamweleza Mama Oliva habari za kuku. Nilikaa na kompyuta wiki nzima. Nilivuta vivuli vyote juu, nikakaza rangi, nikachonga kila mkunjo wa uso. Jumapili nilibisha mlango wa Tumaini na kompyuta mkononi, nikiwa nataka kusifiwa.

Hakutaka kuangalia. Aliniambia nile kwanza. Alinipakulia wali na maharage, akasukuma kompyuta pembeni ya meza ikiwa imefunikwa, na aliponiona nimemaliza akauliza, "Kabla hujafungua. Hii ni picha ya nini?"

"Ya Bibi."

"Sawa. Fungua."

Aliitazama kwa muda mrefu hata nikaanza kueleza, naye akanyanyua kidole ninyamaze. Kisha akasema, "Jicho langu limeenda kwanza kwenye ndoo ya njano." Ilikuwepo, kwenye kona, ndoo ya maji ambayo sikuwa nimeiona siku zote zile. Aliifunika kwa kiganja, na ghafla Bibi akasogea mbele bila mimi kugusa kitu. "Unaona? Fremu ina kingo nne. Zungukia zote kabla hujabonyeza. Halafu, mbona ana mwanga umemzunguka kichwa kama mtakatifu wa kwenye kalenda?"

"Ni HDR, Dada. Inatokea ukikaza."

"Basi legeza. Na huu mdomo?"

Nikainamia karibu. Bibi alikuwa anaongea nilipopiga zile tatu, na kompyuta ilikuwa imeunganisha midomo miwili, mmoja umefumba, mmoja umefunguka, kama kivuli juu ya kingine.

Mlango ulikuwa wazi, na Bibi, aliyekuwa amesikia jina lake, aliingia bila hodi. Alitazama. "Nina midomo miwili?"

"Mmoja ukisema, mmoja ukinyamaza," Tumaini alisema.

"Huo wa kunyamaza si wangu," Bibi alisema, akaomba kipande cha tangawizi, akatoka nacho.

Wao walicheka. Mimi nilifunga kompyuta nikarudi chumbani, na kwa siku kadhaa sikumsalimia Tumaini vizuri. Naandika hili kwa sababu ndilo lililokuja kuharibu mambo baadaye: kila mtu pale uwanjani aliona jinsi nilivyonuna. Mama Oliva aliniletea uji wa ulezi kama mgonjwa. Nilisikia akimwambia Tumaini karibu na kamba za nguo, "Umwambie polepole huyu kijana, ana roho nyepesi." Na Tumaini akamjibu, "Mama, mimi kazini napiga picha za viwavi na majani yenye ugonjwa. Njano ya jani la mahindi ina maana yake. Nikiikaza rangi ipendeze, ofisini watasema jani ni zima, mkulima anavuna mabua. Nikimnyamazia Deo nitakuwa nimemsaidia nini?"

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka kukasirika zaidi, lakini lile la jani lilinikaa. Jioni ile nilimpelekea karanga kwenye kikombe, akazipokea kana kwamba hakuna kilichotokea, na tangu hapo kila Jumapili nilikula wali wake na kusikiliza. Mstari wa upeo wa macho usipite shingoni mwa mtu. Ukiinama kidogo, nguzo ya umeme haitaota kichwani mwake. Acha nafasi upande anaoutazama. Aliyasema akitafuna, akinielekeza kwa kijiko, na mara nyingine alikosea na alipokosea alikubali haraka. Leo nikila wali wowote wenye harufu, hata wa ukumbini, naangalia kingo za meza nikitafuta ndoo ya njano.

Mvua zilipokaribia kuisha Bibi alidai kurudi kwao. Ulikuwa wakati wa kupindua nyasi. Huku kwetu Ufipa hatuzichomi zote. Tunazikata na kuzilaza, tunazifunika kwa udongo tukajenga matuta ya mviringo, ntumba, zioze humo ndani na kuwa mbolea. Ukisimama Kaengesa msimu ule, uwanda mzima umejaa matuta hadi unapokutana na mbingu, bila mti wa kukatisha macho. Mama Oliva alisema daktari amekataza jembe. Bibi alisema daktari hajaona shamba lake. Mwishowe tulienda wote Jumamosi moja, mimi na kamera, Tumaini kwa sababu alikuwa na wakulima wake wa kutembelea, na Mama Oliva kumlinda mama yake.

Shambani Bibi alikuwa mtu mwingine. Alilima pamoja na wifi yake, Bibi Yustina, mwembamba, mrefu, mtani wake wa tangu siku alipoolewa. Walikuwa na namna yao: tuta moja, watu wawili, kila mmoja upande wake, wanavuta udongo kuelekeana hadi majembe yakakaribia kugongana juu, kisha wanasogea tuta linalofuata. Na muda wote walitukanana.

"Vuta, wewe, upande wako umebonyea kama shavu lako," alisema Yustina.

"La kwangu limebonyea kwa kumlea kaka yako," Bibi alijibu.

Nilipiga. Mawingu yalikuwa makubwa, meupe juu na ya kijivu chini, na sikuweza kujizuia. Nilisimamisha miguu mitatu nikapiga zile tatu zangu. Bibi alikuwa amesimama wima kupumua, jembe limeegemea bega, uso umegeukia upepo, anakaribia kucheka. Yustina alikuwa bado ameinama anavuta.

Nyumbani, nilipounganisha, mawingu yalitoka kama niliyoyaona kwenye video. Uso wa Bibi safari hii sikuuchonga. Mdomo ulikuwa mmoja. Lakini nyasi zilikuwa zimetikisika kati ya picha na picha, zikawa kama moshi, na Yustina, aliyekuwa haachi kusogea, alitoka amefifia, mikono mingi, mgongo unaopitisha mwanga. Tumaini aliniuliza swali lake, hii ni picha ya nini, nikajibu kama kawaida, ya Bibi. Akaweka kiganja juu ya Yustina.

"Mtoe huyu," alisema. "Anavuta jicho, na hata haonekani ni nani. Ukikata hapa, Bibi anabaki na uwanda wote. Hii itakuwa picha yako bora, Deo. Kweli kabisa."

Nilikata. Ilikuwa nzuri, na hata leo nikiitazama bado ni nzuri kwa macho ya mpiga picha. Niliichapisha kubwa, nikaiwekea fremu, nikampelekea Bibi, ambaye tulimwacha Kaengesa lakini presha ilikuwa imemrudisha Milanzi, safari hii akiwa amevimba miguu, hatoki kitandani. Aliishika kwa mikono miwili. Alisema, "Asante mjukuu wangu. Ni nzuri." Alisema hivyo tu. Bibi Leokadia, aliyekuwa na maneno kwa ajili ya kuku, alikuwa na maneno hayo tu kwa ajili ya picha yake, na mimi nilivyo, nilichukua yale mawili matatu nikaenda nayo nikifurahi.

Mchana uliofuata nilikuwa naanika shati chini ya dirisha lake. Ndani waliongea Kifipa, taratibu.

"Mama, mbona umeigeuzia ukutani?" Mama Oliva aliuliza.

"Iache hapo. Siku yangu wekeni ya kitambulisho."

"Ya polisi? Wewe uliyoikataa mwenyewe?"

"Ile angalau haijaondoa mtu. Lakini usimwambie kijana. Atanuna tena, ataacha kula."

Shati lilinidondoka kwenye tope. Nilikaa chumbani na aibu ya aina mbili, na ile ya picha ndiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kwamba mwanamke mgonjwa, mwenye miguu imevimba, alikuwa tayari kuagwa kwa sura asiyoitaka ili mimi nisinune. Tumaini alikuwa amenipa ukweli nikamfanya aulipie. Watu wengine walikuwa wamejifunza kunificha. Nilifikiri kuchukua fremu kimya kimya nikampige tena. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kupelekwa shambani tena, kila mtu alijua.

Nilibisha hodi. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kufungua macho vizuri. "Bibi, nimesikia. Naomba uniambie kasoro ya picha. Sitanuna."

"Utanuna."

"Nitanuna kidogo. Uniambie tu."

Akafungua macho yote mawili. Akamwambia binti yake ageuze fremu. Kidole chake kilikuwa kimechoka lakini kilienda moja kwa moja pale kingoni, nilipokata. "Hili tuta. Nusu yake iko wapi?"

"Nilikata, Bibi. Upande ule picha haikutoka vizuri."

"Umeniacha na nusu tuta. Atakayeona hapa atasema huyu mwanamke alilima peke yake, au waliomsaidia walimkimbia. Na mimi hapa nacheka. Nacheka na nani? Kama kichaa, peke yangu shambani." Alipumzika. "Yustina alikuwa amenitukana, ndiyo maana nacheka."

Nilimwambia Tumaini alipotoka kazini, nikitarajia ajitetee. Alikaa kwenye ndoo, ileile ya njano, akiwa na buti zenye udongo. "Swali tuliliuliza lilelile kila Jumapili," alisema. "Ila tuliulizana sisi. Mwenyewe hatukumuuliza. Nilikwambia mtoe, Deo, na nilikwambia vibaya." Kisha akasema, "Zile tatu bado unazo? Kabla hujaziunganisha?"

Nilikuwa nazo. Tulizifungua moja moja. Ya giza, uso wa Bibi haukuonekana. Ya mwanga mwingi, ukungu mtupu. Ya katikati, ile ya kawaida ambayo sikuwahi kuitazama peke yake kwa sababu niliihesabu kuwa malighafi, ilikuwa na wote wawili. Mawingu yalikuwa yameungua, mbingu nyeupe tupu kama shuka. Chini ya khanga ya kichwa uso wa Yustina ulikuwa gizani nusu, kilichoonekana ni jino moja na shavu lililojaa matusi. Tuta lilikuwa zima, kati yao. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kitufe cha kuinua vivuli. Niliinua kidogo tu, kiasi cha jicho la Yustina kujulikana kuwa ni jicho, nikaacha.

Bibi alipoletewa ile mpya aliisogeza karibu na pua. "Mawingu yamekwenda wapi?"

"Yameungua, Bibi. Hayakuweza kukaa pamoja na nyinyi."

"Hatukuenda kulima mawingu," alisema. Akaitazama tena, akaanza kucheka taratibu, tumbo linatikisika chini ya blanketi. "Tazama shavu lake lilivyobonyea. Na anasema langu." Aliiweka kabatini mwenyewe, akiegemea mlango wa kabati, hataki kusaidiwa. Hakufa mwaka ule wala mwaka uliofuata. Alirudi Kaengesa na picha yake kwenye mfuko wa shuka, mimi nikahama, Tumaini akahamishiwa wilaya nyingine, na uwanja wa Milanzi ukapata wapangaji wengine.

Alhamisi ile ya mazishi nilifika Kaengesa mapema. Tumaini alikuwa ameshafika, mnene kidogo, miwani mipya, tukashikana mikono bila kuachiana kwa muda. Picha ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, imewekewa maua pembeni. Watu waliopita kuaga walisimama mbele yake kwanza, na nilisikia mama mmoja akimuuliza mwenzake marehemu ni yupi kati ya hawa wawili. Zamani swali hilo lingenimaliza. Mwenzake akamwambia, "Huyo anayecheka. Huyu mwingine si yule pale amekaa?"

Bibi Yustina alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na meza, amejikunja, macho yamefifia kwa uzee. Nilipiga goti kumsalimia, nikamtajia jina langu. Alinishika kichwa. Nikamwambia nina kamera, kama anataka nimpige na yeye yake, ajichagulie akiwa mzima.

"Ya nini?" alisema. "Si hiyo hapo? Siku yangu wekeni hiyohiyo. Na huyo mwambieni aache kucheka."

Siku hizi kabla sijaigusa picha ya mtu kwenye kompyuta, naipeleka kwake ikiwa mbichi, namuuliza ni picha ya nini na akina nani wamo. Moyo unadunda kama zamani. Lakini nakaa, nangoja ajibu, na giza alilonalo kwenye picha namwachia.